Kombe la Wilaya Isiyotafuta Kitu

Ilikuwapo nchi moja, na kama haikuwapo basi watu waliokuwa wakiishi humo walikuwa wakijidanganya. Nchi hiyo ilikuwa na serikali sikivu kuliko zote duniani, na usikivu wake ulikuwa wa kisasa. Haikuwasikiliza watu, ilisikiliza simu zao.

Zamani raia aliyehitaji kitu alikwenda kwa mkuu wa wilaya, akaketi kwenye benchi, akaambiwa aje kesho. Utaratibu huo ulimchosha sana Rais, kwa kuwa manung'uniko ya kwenye mabenchi yalikuwa yakimfikia mpaka Ikulu wakati wa chai. Ndipo akaja mshauri elekezi kutoka ng'ambo, na mkobani mwake mlikuwa na programu iliyotengenezwa kuwasaidia wauza viatu. Muuza viatu akitaka kujua wateja huandika neno gani wanapotafuta viatu mtandaoni, programu humwambia: hili limetafutwa sana, hili kidogo, na hili hakuna anayelijali. Rais aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mahali pa viatu mtu anaweza kuweka nchi. Mshauri akasema inawezekana, ila leseni itapanda kidogo.

Ndivyo ilivyozaliwa Mizani ya Taifa, na Wizara ya Mahitaji ikajengewa ghorofa la vioo ili iweze kuitazama. Raia akitaka kitu, aliandika neno lake kwenye kisanduku cha kutafutia katika simu yake. Mizani ilihesabu. Neno lililovuka mstari mwekundu lilikuwa hitaji, na serikali ilileta. Neno lililobaki chini ya mstari halikuwa hitaji, lilikuwa hali ya mtu binafsi.

Na serikali ilileta kweli, asiwepo wa kuidhulumu haki yake. Mji mmoja ulikesha ukitafuta habari za mchezaji wa mpira aliyevunjika mguu, ukaletewa malori ya plasta. Watoto wa shule fulani walioambiwa na mwalimu watafute joka lenye vichwa saba walipelekewa kikosi cha jeshi, kikakaa huko mwaka mzima kikilisubiri litokeze. Akina mama wa mji mkuu walitafuta ule msuko aliosuka mwimbaji mmoja siku ya harusi yake. Wizara ikagawa nywele nyumba kwa nyumba, hata kwa wazee wenye vipara, nao wakatia saini kwamba wamezipokea zikiwa katika hali nzuri.

Kusudi haki itendeke kwa kila kabila, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuheshimu Lugha Zote. Sheria hiyo ilimtaka kila raia atafute kwa lugha ya mama yake. Aliyetafuta kwa lugha ya wilaya nyingine alihesabiwa kuwa ameiba hitaji la wenyewe. Wabunge walilia kwa furaha siku ilipopita, maana walijiona wamewapa watu heshima, na heshima haina gharama ya usafirishaji.

Aliyekuwa akiiangalia Mizani siku hadi siku aliitwa Magwira, Mkurugenzi Msaidizi wa Maneno Muhimu. Alikuwa mtu safi, mwenye tai iliyonyooka na kicheko cha kiasi, kicheko cha mtu anayesubiri bosi acheke kwanza. Alizaliwa Ulûngo, wilaya ya milimani, ambako watu huandika lugha yao kwa kuzivalisha baadhi ya herufi vikofia. Mama yake alimwita Mâgwîra. Alipoajiriwa mjini, karani wa mapokezi aliliangalia jina hilo, akakunja uso na kuuliza kama kalamu ilivuja. Magwira alicheka, akavivua vile vikofia palepale, akaliandika upya. Hakuna aliyemlazimisha. Siku zile aliona ni jambo dogo, kama kuvua viatu mlangoni.

Sasa, kule Ulûngo mkunga huitwa *kîsâya*. Mkunga wao wa pekee alikuwa amestaafu na kuhamia kwa wanawe, na zahanati ikabaki na kitanda, mizani ya watoto na popo. Wanawake wakaanza kutafuta, kwa lugha ya mama zao kama sheria ilivyotaka. Lakini simu zao hazikufanana. Nyingine zilikuwa na herufi za vikofia, nyingine hazina, na mtu mwenye haraka alitia kimoja akaacha cha pili. Mtoto yeyote wa Ulûngo angekwambia kwamba wote wanamtafuta mkunga yuleyule. Mizani, iliyotungwa na watu ambao herufi zao hutembea vichwa wazi, iliona maneno manne yasiyojuana: *kîsâya*, *kîsaya*, *kisâya*, *kisaya*. Ikayahesabu mbalimbali, na kila moja likaanguka chini ya mstari mwekundu.

Pembeni mwa Mizani kulikuwa na kitufe kidogo kilichoandikwa Unganisha. Mtu akikibonyeza, maneno ya namna hiyo hukusanyika kuwa moja. Magwira alikijua kitufe hicho. Alikuwa amekisogelea, kidole kikiwa njiani, asubuhi ile Waziri wa Mahitaji, Mheshimiwa Gandora, alipokuwa akikagua takwimu mbele ya wakurugenzi wote.

"Hebu subiri, Magwira," Waziri alisema, akaisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Hivi vidude vilivyotua juu ya herufi ni nini? Mbona kama nzi?"

Wakurugenzi wakacheka. Magwira naye akacheka, kwa kiasi chake. Jibu alikuwa nalo mdomoni: ni herufi za kwetu, Mheshimiwa, na hilo ni neno moja. Lakini akaona macho yote yamemgeukia, na masikio yake yakapata moto, kana kwamba nzi hao wametua usoni pake.

"Ni uchafu, Mheshimiwa," akasema.

"Nilijua!" Waziri akapiga meza. "Mimi uchafu nauona toka mbali. Usafishwe!"

Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimeundwa Kitengo cha Usafi wa Maneno, chenye vijana saba, makoti meupe na kaulimbiu. Kazi yao ilikuwa kuondoa kila neno lenye kikofia, pamoja na pacha wake asiye nacho, kabla halijafika kwenye Mizani. Walifanya kazi kwa bidii kubwa, na mkuu wao akapewa nishani. Mahitaji ya Ulûngo yakashuka mpaka yakafika sifuri.

Hapo ndipo Magwira alipoanza kuumwa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Tonge lilikuwa likifika kooni na kukataa kushuka. Alikuwa akijisikia vibaya, na alijua kwa nini, na kujua huko ndiko kulikomuumiza zaidi. Dada yake Nalîse, aliyekuwa na ujauzito wa kwanza, alimpigia simu kutoka nyumbani.

"Kaka, huku tunatafuta kila siku. Mbona hawaleti? Wewe si uko hukohuko?"

"Niko hukuhuku."

"Sasa tufanyeje?"

"Endeleeni kutafuta," Magwira alisema, akakata simu kabla hajaulizwa jingine.

Alijaribu, msidhani hakujaribu. Alijifungia msalani pa ofisi na simu yake, akaliandika lile neno tena na tena mpaka vidole vikafa ganzi, halafu akarudi mezani na kuwaona vijana wenye makoti meupe wakiliondoa kila lilipoingia, huku wakishangaa uchafu wa siku hiyo umetoka wapi. Akaandika ombi rasmi la kuruhusiwa kubonyeza kitufe cha Unganisha. Jibu lilikuja likiwa na mihuri mitatu: kitufe hicho kitabonyezwa pindi itakapothibitika kwamba wananchi wamekitafuta. Kulikuwa na njia fupi, nayo ilikuwa kupanda ghorofa moja, kubisha hodi kwa Waziri na kusema, nilikudanganya. Magwira alizipanda ngazi hizo mara nyingi. Kila alipofika juu alikumbuka kwamba amesahau kitu chini.

Halafu Nalîse akapiga tena. Mwêsa, binti wa jirani yao Bi Rukûli, amefariki akijifungua, yeye na mtoto. Magwira na Mwêsa walikuwa wamekaa dawati moja shuleni. Magwira alisema poleni sana. Alisema kazi zimembana, hataweza kufika mazishini, lakini yupo nao pamoja. Baada ya hapo alikaa akiitazama sifuri ya Ulûngo kwenye skrini. Ilikuwa sifuri ya mviringo, safi, imetakata.

Sifuri hiyo ilimfurahisha Waziri kupita kiasi. Mheshimiwa Gandora hakuwahi kuona wilaya ya namna hiyo. Nyingine zote zilikuwa zikitafuta dawa, barabara, vitabu, wachumba, na nyingine zilitafuta maana ya maisha, jambo lililoitia Wizara hasara kubwa. Ulûngo haikutafuta kitu. Kwa mujibu wa sayansi ya Mizani, mtu asiyetafuta kitu ameridhika. Ikatangazwa kuwa Wilaya Iliyoridhika Kuliko Zote, na likanunuliwa kombe la fedha lenye kimo cha mtoto wa miaka mitano. Kisha Waziri akauliza kama ofisini kuna mtu anayejua lugha ya watu hao wenye bahati, na faili la ajira likamtaja Magwira.

Sherehe ilifanyika katika uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuja wengi, maana walikuwa wameambiwa serikali inaleta kitu, nao wakaamini kwamba hatimaye imewasikia. Wajawazito waliwekwa mbele ili wampokee mkunga. Gari lilipofunguliwa na kombe likateremshwa na wanaume wawili, wanawake waliendelea kuchungulia nyuma ya kombe kwa muda, kama kuna mtu mwingine anashuka. Nalîse alikuwa kati yao, tumbo likiwa limeshuka, miguu imevimba. Alimpungia kaka yake mkono. Magwira akajifanya anarekebisha kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Ulungo!" Waziri aliunguruma. "Ziko wilaya katika nchi hii zinatafuta asubuhi, zinatafuta mchana, zinatafuta hata kanisani! Aibu! Aibu kubwa! Ninyi je? Sifuri! Sifuri tupu, isiyo na doa! Rais ameniambia, Gandora, nenda kwa watu wale ukajifunze siri yao. Nami nimekuja kama mwanafunzi. Niambieni, siri ni nini?"

Kisha Bi Rukûli akainuka, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, akaja mbele na kushika kipaza sauti. Akaanza kwa lugha ya mji mkuu, lakini Waziri akamkatiza kwa upole.

"Hapana, mama, hapana. Sema kwa lugha yako. Serikali hii inaheshimu lugha zote. Mtafsiri wetu yupo."

Bi Rukûli akamgeukia Magwira. "Haya, mwanangu," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Mwambie hivi. Binti yangu Mwêsa alimtafuta mkunga tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Alitafuta kabla ya kwenda shambani, akatafuta akirudi. Siku ya uchungu alitafuta mpaka simu ikaisha chaji. Mimi nikakimbia nayo kwa jirani kuichaji, kwa sababu nilidhani wanakaribia kutusikia. Niliporudi, simu ilikuwa imejaa, na mwanangu ameondoka. Mwulize kitu kimoja tu. Alikosea wapi?"

Waziri alikuwa akitabasamu, kichwa kikiwa upande. "Anasema nini?"

Magwira alifungua mdomo. Mbele yake Nalîse alikuwa akimtazama, na nyuma yake wapigapicha wa Wizara, na kando yake Waziri mwenye tabasamu linalosubiri. Ukweli ulikuwa palepale, tayari umeshasemwa, kazi yake ilikuwa kuuvusha tu.

"Anashukuru, Mheshimiwa," alisema.

Waziri akapiga makofi. Ni yeye na msafara wake tu waliopiga. Watu wa Ulûngo wamesomeshwa kwa lugha ya mji mkuu toka darasa la kwanza, wageni tu uwanjani ndio wasiozielewa lugha zote mbili, na hao ndio waliokuwa wakishangilia. Hakuna aliyezomea wala kurusha jiwe. Walimtazama Magwira, basi, na yeye aliona afadhali wangerusha.

Bi Rukûli alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Huenda angesema jambo, lakini palepale Nalîse alijishika kiuno na kukaa chini vumbini, na sauti iliyomtoka haikuhitaji mtafsiri. Bi Rukûli akakiweka kipaza sauti chini na kumwendea. Tangu msiba wake, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa. Hakuwa amesomea ukunga. Alikuwa ameona mara moja jinsi mambo yanavyoharibika, na hiyo ndiyo elimu iliyokuwa imebaki wilayani. Wanawake wakambeba Nalîse mpaka darasani, wakafunga mlango.

"Maji ya moto!" mmoja akapaza sauti dirishani.

Maji yalikuwa yakichemka katika pipa jikoni kwa ajili ya chai ya Waziri, lakini chombo cha kuyabebea hakikuwepo. Masufuria yote ya shule yalikuwa na pilau ya msafara, na mpambe alikataa yasiguswe kabla Mheshimiwa hajala. Magwira akalitazama kombe. Alilibeba peke yake, lile kombe lililoteremshwa na wanaume wawili, akalijaza maji na kulifikisha mlangoni, mikono ikiungua. Mlango ulifunguliwa, kombe likapokewa, mlango ukafungwa. Yeye akabaki nje na vilio vya dada yake, na hakuna aliyekuja kusimama naye.

Alikuwa akiomba, na katika kuomba aliahidi kwamba Nalîse akipona atasema kila kitu. Jua lilipoanza kupungua makali, sauti ya mtoto ikatoka darasani, nyembamba na yenye hasira. Kisha akamsikia Nalîse akiomba maji ya kunywa. Magwira alijifuta uso na kwenda moja kwa moja kwa Waziri, aliyekuwa chini ya turubai akimalizia paja la kuku. Akamwambia. Alimwambia habari ya vikofia, kitufe, neno uchafu, Mwêsa, na maneno ya Bi Rukûli, yote kama yalivyosemwa.

Waziri alisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa vidole kimoja kimoja, akaagiza kishikwambi chake, akafungua Mizani.

"Tuone," alisema. "Magwira alidanganya. Waliotafuta: sifuri. Waziri alidanganywa: sifuri. Haki kwa Ulungo: sifuri." Akamgeuzia skrini aione. "Jambo hili unaloniambia hakuna raia hata mmoja anayelihitaji. Unataka nifanye kazi bila takwimu?"

"Mheshimiwa, kuna watu wamekufa."

"Walitafuta wasife?"

"Ndiyo. Walitafuta."

"Kwa herufi safi au kwa hizo zenye vikofia?"

"Kwa vikofia."

"Ah." Waziri alisikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Akamwekea Magwira mkono begani. "Basi hapo tumefungwa mikono. Na hiyo hatia uliyo nayo, kijana wangu, nimeiona, inaheshimika. Lakini iko chini ya mstari. Ni hali ya mtu binafsi."

Akaangalia saa, akaamuru msafara uondoke. Magari yalipiga honi kumwita Magwira, yakapiga tena, kisha yakateremka mlima bila yeye. Huko mjini iliandikwa kwamba ofisa mmoja, kwa kuvutiwa na utulivu wa wilaya ile, ameamua kubaki.

Magwira alikuwa amerudi mlangoni pa darasa Bi Rukûli alipotoka akiwa amelikumbatia kombe. Maji yaliyokuwa ndani yake sasa yalikuwa mekundu.

"Ni msichana," alisema. "Wote wazima."

"Mama," Magwira alisema. "Yule aliyesema... kule wizarani. Aliyefanya msisikike. Ni mimi."

Bi Rukûli alimtazama bila hasira. Alikuwa amechoka.

"Siku ile nilipokuwa kwa jirani nasubiri chaji," alisema, "nilikumbuka kwamba tuna mtoto wetu hukohuko. Nikasema moyoni, huyu nikimpata atatusaidia. Nikakutafuta wewe. Nikaandika Mâgwîra, kama mama yako alivyokuita, sikuacha kitu. Simu ikaniambia hakuna mtu wa jina hilo."

Kisha akamkabidhi kombe.

"Kamwage haya maji nyuma ya choo," alisema. "Ulioshe vizuri, halafu uje umwone mpwa wako."

Magwira akalipokea kwa mikono iliyoungua, akaenda.